Risiti Zangu Zote Zilikuwa za Mwisho wa Mwezi

"Hizi risiti si zetu, mama."

Hivyo ndivyo alivyoniambia Mniko, mtu wa madeni, huku vijana wake wawili wakipakia taa zangu za kuvulia kwenye pikapu. Saa nne asubuhi. Ufuo wote wa Muhuru Bay umesimama kutazama!

Admin, nipostie hii na jina langu, usinifiche. Naitwa Phelesia. Walionijua miaka ile waliniita Nyar Kasipul, yaani binti wa Kasipul, kwa sababu nilizaliwa upande wa Oyugis nikaolewa huku ziwani. Na wanaujua mdomo wangu. Mdomo huu huu ndio ulioniponza, mtaona wenyewe.

Ilikuwa Julai, 1995.

Mkononi nilishika risiti nne. Elfu tatu, elfu tatu, elfu tatu, elfu tatu. Kila moja ina muhuri wa zambarau. Elfu tatu ya mwisho nilikuwa nimeifunga kwenye ncha ya leso, nataka kuipeleka mwenyewe Migori nimalize deni nipumue.

"Si zenu vipi? Muhuri si huu hapa?"

"Muhuri wetu una namba ya posta. Hii haina."

"Mniko, mimi nimelipa!"

"Umelipa mara moja. Februari, ulipokuja mwenyewe. Mimi nilipelekwa Homa Bay tangu Machi, nimerudi juzi, nimefungua faili yako... hakuna kitu. Bado elfu kumi na tano."

Nikageuka kutazama nyuma yangu.

Kwa sababu pesa hizo zote, mara nne, nilizituma kwa mkono wa mtu mmoja tu. Mume wangu, Dishon.

Na Dishon alikuwa amesimama pale pale, amembeba mtoto wetu wa miezi minne begani.

Ngoja kwanza niwarudishe nyuma kidogo, ndiyo mnielewe.

Mwaka uliotangulia nilikopa pesa kwa ofisi moja ya mikopo Migori. Nikanunua wavu na karabai sita. Asiyejua omena, hao dagaa wadogo wa ziwani, ni hivi. Omena huvuliwa giza likiwa totoro. Taa zinaelea juu ya maji, omena wanafuata mwanga, wavu unawazoa. Mbalamwezi ikiwaka, omena hawajali taa yako tena. Mitumbwi inapandishwa ufuoni, wanaume wanashona nyavu, na mimi ndipo nauza kilichokauka na kushika pesa.

Basi mvua ya Novemba ikanyeshea omena wangu juu ya mchanga, giza mbili mfululizo, maana kila mwezi una giza lake. Zikaoza. Nikaziuza za kulisha kuku, na deni likabaki limesimama.

Januari, Mniko akaja. Mkuria wa Kehancha, mrefu, zamani alikuwa polisi. Watu walimwogopa kwa sababu hakuwa anapiga kelele. Alikaa kwenye kigoda changu akafungua faili.

"Elfu kumi na nane. Utalipa elfu sita kila mwisho wa mwezi, miezi mitatu. Ama nabeba taa zote leo."

Majirani walishanipa akili. Sema ndio, halafu vuka uende Shirati, Tanzania hawatakufuata. Wengine walifanya hivyo na wakaacha nyumba zao wazi.

"Siwezi," nikasema.

"Huwezi nini?"

"Elfu sita. Nikikubali nitakuwa nakudanganya, na mume wangu ananisikia."

Alinyanyua macho kutoka kwenye faili. Nadhani watu wengi walikuwa wanamwambia ndio.

"Unaweza ngapi?"

Nilikuwa nimepiga hesabu siku tatu nzima. Mafuta ya taa. Mgao wa vijana wa mtumbwi. Unga. Chumvi. Nilipotoa vyote hivyo, kilichobaki ndicho nilichomtajia.

"Elfu tatu. Mara sita."

"Kila mwisho wa mwezi?"

"Hapana. Kila giza likiisha."

"Giza gani tena, mama?"

Nikamweleza kama nilivyowaeleza. Nikamwambia, "Mwisho wa mwezi huu utanikuta mitumbwi iko ndani ya maji, omena mbichi, mfukoni sina hata ya chumvi. Utarudi Migori na hasira tu. Njoo giza likiisha, utanikuta nimeuza."

"Ofisi haijui mambo ya giza. Ofisi inajua kalenda."

"Kwenu mna ng'ombe?"

"Tunao."

"Akiwa na mimba kubwa, unamkamua?"

Akaweka kalamu juu ya faili.

"Si unangoja azae? Basi na mimi ningoje!"

Dishon alishtuka, akaniangalia kama nimetukana mgeni. Lakini Mniko alicheka kidogo, kwa pua.

"Na nikikungoja, mkononi nashika nini?"

"Chukua taa mbili, niachie nne. Ukibeba zote sita umebeba na pesa yako, kwa sababu sitavua."

Akafikiri. Akachukua taa mbili. Akaandika karatasi: elfu tatu, siku ya nne baada ya mitumbwi kupanda ufuoni, mara sita. Tukatia sahihi watatu. Mimi, Dishon, Mniko. Hakuna mtu mwingine aliyejua mpango wetu wa giza, kumbukeni hilo.

Februari nikaenda Migori mwenyewe na tumbo langu kubwa, nikalipa. Machi nikajifungua.

"Usihangaike," Dishon akaniambia. "Mimi kila giza likiisha napeleka magunia Migori. Nitalipa mimi."

Na kweli. Kila safari alibeba elfu tatu, na safari iliyofuata alinirudishia risiti ya ile ya nyuma. Nilitazama muhuri, nikaweka ndani ya Biblia, nikaendelea na maisha.

Sasa turudi ufuoni.

"Dishon! Pesa zangu ziko wapi?"

"Nililipa."

"Ulimlipa nani?"

Akatazama chini. Wapendwa, nilipoona ametazama chini, mimi nilishamaliza kesi.

"Nilimpa Japheth apeleke," akasema.

"Japheth gani?"

"Ndugu yako. Alisema anamjua karani wa pale. Mimi zile ofisi... nilifika darasa la nne tu, Phelesia. Nikaona aibu. Sikukuambia, ungenicheka."

Yawa! Japheth! Mtoto wa mama yangu, wa pekee! Nilimsomesha kwa omena hizi hizi mpaka fomu foo, akapata kazi ya ukarani kwenye stoo ya tumbaku Migori, anavaa shati jeupe kila siku. Huyo ndiye awe mwizi?

Damu ilinipanda kichwani.

"Unakula pesa halafu unamsingizia damu yangu? Mwizi wewe! Watu wa Muhuru, mtazameni huyu, mwizi! Mwizi wa mke wake mwenyewe!"

Nikaingia ndani. Nikatoka na nguo zake. Nikazitupa juu ya omena zilizoanikwa, shati, suruali, hata lile koti la harusi. Wanawake wakaacha kugeuza omena. Kuna aliyecheka, na mimi nikaongeza sauti.

Dishon alikuja polepole, akaniwekea mtoto mikononi.

"Amelala," akasema. "Usimwamshe."

Akaokota nguo zake moja moja, akazikung'uta omena, akaondoka.

Pikapu nayo ikaondoka na taa zangu. Nikabaki na mtoto na leso yenye elfu tatu.

Jumamosi Japheth akaja mbio, eti amesikia.

"Dada, mimi sijashika hata ndururu ya deni lako. Mungu ni shahidi!"

"Anasema alikupa wewe."

"Shemeji ana mwanamke kule Sori. Migori mzima wanajua. Sikutaka kukuumiza tu."

Nikalia kwenye bega lake, na machozi yangu yakalowesha lile shati jeupe. Halafu nikamchinjia kuku! Jogoo mmoja niliyekuwa naye. Akala firigisi, akanifariji, akarudi Migori.

Jumatatu nikafunga mtoto mgongoni nikaenda ofisini kwa Mniko. Nilikuwa sijalala vizuri siku tatu. Nikaweka elfu tatu mezani, pamoja na zile risiti nne.

"Hii ndiyo niliyo nayo. Taa sina, na mume sina."

Akahesabu, akaniandikia risiti.

"Imebaki elfu kumi na mbili. Utalipaje bila taa?"

"Sijui."

"Mara ya kwanza ulijua vizuri sana."

Mniko alivuta zile risiti bandia karibu.

"Nipe hizi nizipeleke polisi. Kughushi muhuri ni kesi. Watamtafuta mumeo, wamfunge."

Wamfunge. Lakini nikasema, "Zipeleke."

Akatoa kwenye faili nakala ya risiti yangu ya Februari, ile ya kweli, akaiweka kando ya zile nne ili aandike maelezo. Akawa anasoma kwa sauti, kipolisi.

"Ya ofisi, tarehe kumi na nane Februari. Bandia ya kwanza, thelathini na moja Machi. Ya pili, thelathini Aprili. Ya tatu, thelathini na moja Mei. Ya nne, thelathini Juni."

"Soma tena," nikasema.

"Nini?"

"Tarehe. Soma tena!"

Akasoma. Nikazivuta zile karatasi nikazisoma mwenyewe. Karatasi hizo zilikaa kwenye Biblia yangu miezi mitatu na sikuwahi kusoma tarehe, nilitazama muhuri tu.

"Mama, una nini?"

"Siku hizo zote ni giza," nikasema. "Giza totoro. Dishon alikuwa ndani ya ziwa."

"Mtu anaweza kuandika tarehe yoyote anayotaka."

"Mvuvi wa omena hapana! Yeye alikuwepo tulipopatana. Alitia sahihi. Anajua nalipa mbalamwezi ikiwaka, siku ya nne. Akitaka kunidanganya angeandika tarehe hiyo, si mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi kwake si kitu, hana anayemlipa siku hiyo."

Mniko aliweka kalamu chini taratibu.

"Basi imeandikwa na mtu anayelipwa mwisho wa mwezi," akasema.

Niliona lile shati jeupe mbele ya macho yangu. Jogoo wangu pia nilimwona.

Tukaenda stoo ya tumbaku, mimi na Mniko, kwa miguu. Njiani niliomba Mungu niwe nimekosea. Kweli niliomba, kwa sababu kama nimekosea, basi nina ndugu.

Japheth alikuwa kwenye mizani. Aliponiona alitabasamu.

"Dada! Umekuja na mgeni?"

Mniko akamsalimia vizuri, kwa upole kabisa.

"Tunapanga deni la dada yako upya. Wewe ni msomi, tukumbushe. Alikuwa analipa lini?"

"Si mwisho wa mwezi?" Japheth akajibu haraka. "Kwani deni hulipwa lini?"

Mniko akanigeukia. Nikaziweka risiti nne juu ya mizani, mbele ya ndugu yangu.

Hakuziangalia hata. Akakaa juu ya marobota ya tumbaku.

"Nyaminwa..."

"Usiniite dada!"

"Nilitaka kurudisha. Naapa. Nilikuwa nalipa mahari upande wa Asumbi. Wazee walitaka ng'ombe wawili kabla ya Agosti, ama msichana aolewe na mwingine. Mara ya kwanza nilikopa tu kutoka kwa ile pesa yako. Halafu ya pili..."

"Na muhuri?"

"Nilichongesha. Sokoni."

"Na mwanamke wa Sori?"

Akafunika uso. Hakukuwa na mwanamke wa Sori.

"Japheth, kwa nini hukuniambia unataka ng'ombe? Ningekukatalia lini mimi?"

Akanijibu kitu ambacho mpaka leo kinaniuma kuliko wizi wenyewe.

"Ungenitukana kwanza. Mbele ya watu. Kila mtu anakuogopa, dada. Hata shemeji."

Mniko alikuwa amesimama mlangoni. "Mama, ni polisi ama?"

Nilitaka kusema polisi. Hasira yote ilikuwepo, na huyu alistahili. Lakini nilikumbuka nilivyosema "zipeleke" juu ya mtu asiye na kosa, nusu saa tu iliyopita. Sikuuamini tena mdomo wangu.

"Aandike," nikasema. "Deni liwe lake."

Mniko akamuuliza Japheth mshahara wake, kodi ya nyumba, chakula, moja moja, kama mimi nilivyojihesabia. Wakapatana. Elfu mbili kila mwisho wa mwezi, miezi sita, na mkubwa wake wa stoo akatia sahihi. Kwake, kalenda ilifaa.

Jioni hiyo pikapu ikanirudisha Muhuru na taa zote sita. Mniko mwenyewe alizishusha.

Taa zilirudi. Wa kuziwasha hakurudi.

Nikauliza kila mtu. Nikaambiwa Dishon ameonekana kisiwa cha Mfangano, anashona nyavu za watu kwa kibarua. Nikaenda mpaka Mbita, nikapanda boti na mtoto, natapika njia nzima.

Nilimkuta amekaa chini, wavu umemfunika mapaja. Hakusimama.

"Ni Japheth," nikasema. "Ni Japheth, Dishon. Nilikosea. Nisamehe."

Akaendelea kushona. Mtoto akamnyooshea mikono, na hapo ndipo akaacha sindano akampokea.

"Ulinitukana wapi?" akaniuliza.

"Nini?"

"Siku ile. Uliniita mwizi wapi?"

"Ufuoni... Muhuru."

"Mbele ya nani?"

"Mbele ya watu wote."

"Halafu msamaha unakuja kuniomba huku Mfangano, ambapo hakuna anayekujua?"

Nilirudi peke yangu na mtoto wangu.

Siku ya soko, wanunuzi wamejaa, wanawake wote wa omena wapo, nilisimama pale pale nilipotupa zile nguo. Mimi, Nyar Kasipul!

"Nilimwita mume wangu mwizi hapa," nikasema. "Mume wangu si mwizi. Mwizi ni wa kwetu, na mimi nilimchinjia kuku. Atakayekutana na Dishon amwambie nimesema, na nimesema kwa sauti ile ile."

Hakuna aliyecheka safari hii. Mwanamke mmoja mzee akaniletea maji ya kunywa.

Giza moja likapita, nikiwapa vijana wengine taa na kuwalipa. La pili likapita. Mbalamwezi ilipowaka, siku ya nne, asubuhi, naanika omena za mwisho, nikaona mtu anageuza omena upande wa pili wa wavu. Nilijua mikono hiyo kabla ya kuinua macho.

Sikupiga kelele. Kwa mara ya kwanza maishani sikupiga kelele. Nilimletea uji.

"Umenisamehe?"

Akanywa mpaka akamaliza. Akaweka kikombe chini.

"Siwezi yote kwa siku moja," akasema. "Nikikubali nitakuwa nakudanganya."

Nilitambua hayo maneno. Yalikuwa yangu, ya Januari, ya mbele ya Mniko. Alikuwa ameyaweka muda wote huo.

"Unaweza kiasi gani?" nikamuuliza, machozi yananitoka.

"Kidogo kidogo. Kila giza likiisha, siku ya nne, tunakaa chini tunahesabu pesa yote, wewe na mimi. Na unaniuliza vizuri kabla hujaniuliza vibaya."

Ndugu zangu mnaosoma, sasa hivi wengi mna madeni ya simu na mnazima laini mkipigiwa. Usizime. Ongea na mtu wa deni, mtajie kile unachoweza kweli, na siku ambayo pesa huingia kwako, si siku inayompendeza yeye. Peleka mwenyewe. Soma risiti yote, usisome muhuri tu. Na pesa ikipotea, uliza mara mbili kabla ya kumtupia mtu nguo zake nje. Mimi nilikuwa na risiti nne za kumwokoa mume wangu ndani ya Biblia yangu mwenyewe, na sikuzisoma.

Japheth alilipa yote, hata akamaliza mapema. Tunasalimiana. Sijawahi kumchinjia kuku tena.

Na Dishon? Yuko hapa ndani, mzee sasa, macho yameanza kumsumbua. Taa za siku hizi ni za sola, lakini siku ya nne bado tunatandika mkeka tunahesabu.

Wiki jana nikamuuliza, "Baba, miaka thelathini imepita. Ule msamaha umebaki kiasi gani?"

Akanisogezea noti.

"Hesabu kwanza," akasema. "Giza bado ziko nyingi."